Nilisema urefu, sasa mjomba anataka kuzamisha kamera

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usicheke, au kama ni lazima ucheke basi umalize kwanza ndipo unijibu, kwa sababu wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa na mimi nakuandikia habari za kasha la kamera.

Mimi ni binti wa miaka kumi na sita na nina aibu ya kupindukia, darasani mwalimu akiuliza swali jibu ninalo lakini linakwama kooni mpaka mwenzangu analisema yeye na kupigiwa makofi, na mahali pekee ninapojiona mtu kamili ni kazini kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye anapiga video za harusi na mahafali, mimi namshikia taa na kukunja nyaya, maana ukiwa nyuma ya kamera hakuna anayekutazama wala kukuuliza masomo yanaendaje. Kamera yenyewe ni moja tu. Nyumba nzima inakula kwa hiyo kamera, mjomba na mkewe, mama, bibi na mimi, ndiyo maana hata kwenye gari inakaa mapajani kwangu kama mtoto mchanga.

Sasa kocha wa kuogelea wa hapa kwetu alimwomba mjomba awapige waogeleaji wake video wakiwa ndani ya maji, siyo kutoka juu, anataka waone wenyewe jinsi wanavyopiga miguu vibaya, kwa sababu akiwaambia hawaamini. Mjomba akakubali palepale. Ila kamera ikiingia majini hivihivi inakufa, inahitaji kasha lake maalumu lenye kioo mbele na mpira wa mviringo mlangoni unaozuia maji, basi tukaenda dukani, muuzaji akaweka makasha mawili juu ya kaunta, moja dogo la plastiki ngumu na moja kubwa la chuma lenye mikono miwili kama usukani, na maelezo yote yameandikwa kwa lugha tunayosomea shuleni, ambayo mjomba haimudu. Akanisogezea akasema, "Msomi, tusomee."

Nikasoma. Nikasema hili dogo linaingia kwenye maji yenye urefu wa mita kumi, na hili kubwa ni urefu wa mita sitini. Mjomba akamgeukia muuzaji akacheka, akamwambia, "Bwawa lenyewe lina urefu wa mita ishirini na tano. Hilo la mita kumi si litapasuka kabla hatujafika katikati?"

Muuzaji akasema mzee umeona mbali, maana hilo kubwa ndilo la bei.

Mshauri, mimi nilielewa palepale, halafu nikaacha kuelewa. Mjomba alikuwa anapima bwawa kwa kulala, kutoka ukuta huu hadi ule, na mimi nilikuwa nasema kwenda chini, lakini si sote tunasema maji marefu tukimaanisha yanayozamisha mtu, kwa hiyo urefu ni sahihi, na bwawa nalo lina urefu wake, kwa hiyo mjomba naye yuko sahihi, sasa kama wote tuko sahihi mbona tunakwenda kuharibikiwa? Nikaanza hata kujiuliza labda maji yanahesabiwa hivyo kweli na mimi ndiye sijui, ingawa upande wa watoto yananifika kiunoni na upande wa wakubwa yanampita kocha kichwa kwa kidogo tu. Nikasema "sawa, mjomba." Nikalisema na kwa ile lugha nyingine pia, sijui kwa nini.

Tuliporudi nyumbani nikaingia kwenye simu nikasoma vizuri ukurasa wa watengenezaji, nikakuta hilo kasha la chuma si la kamera yetu kabisa, ni la kaka yake, jina ni lilelile ila herufi ya mwisho tofauti, kwa hiyo vile vifimbo vya ndani vinavyobonyeza vitufe vitakuwa vinabonyeza mahali pasipo na kitufe. Nikajikaza nikamwambia mjomba kwamba vitufe havitalingana. Ni mara yangu ya kwanza kumpinga mtu mzima. Akafikiri kidogo akasema, "Hilo ni jambo dogo, fundi bomba atatutobolea hilo kubwa tundu kwa pembeni, tunapitisha kifimbo chetu, tunaziba na gundi."

Umeona, mshauri? Nilisema neno moja mambo yakaharibika, nikaongeza la pili yakaharibika zaidi, kasha lililotengenezwa maji yasipite sasa linakwenda kutobolewa, nikisema la tatu si tutachoma nyumba. Halafu mjomba ameshamweleza kocha habari ya kasha kupasuka katikati ya bwawa, kamweleza kwa mikono na mbele ya wazazi wa waogeleaji, kocha akajifuta uso kwa taulo, akakohoa, akasema wewe ndiye mtaalamu. Sasa sijui kocha alijua au hakujua. Nikimsahihisha mjomba leo, ataonekana mjinga mbele ya watu wote hao, atasema mtoto wa shule kanidhalilisha, atatafuta mtu mwingine wa kumshikia taa, na mimi nitabaki na darasa tu.

Kumwambia bibi haiwezekani. Kwa lugha ya shuleni kasha hili lina jina linalotokana na nyumba, siku moja nilikuwa nazungumza na mwenzangu kwa simu nikamwambia namtafutia mjomba nyumba, bibi akasikia, akamwita mke wa mjomba chumbani akamuuliza kwa upole amemkosea nini mumewe hadi anahama. Ilichukua siku nzima kuwatuliza, na hadi sasa wanamwangalia mjomba kwa jicho la pembeni. Bibi huyohuyo ndiye aliyenilea na methali ya heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimeishika sana.

Mjomba atanunua mwisho wa mwezi. Kila jioni ananiuliza, "Msomi, una uhakika?" nami naitikia kwa kichwa. Nifanye nini? Ninyamaze nimwombe Mungu gundi ishike? Nimtafute kocha? Au nijifanye mgonjwa siku hiyo ili nisione?

Ni mimi, Mshika Taa.

*

Mshika Taa, mwanangu,

Nimecheka, nimemaliza, sasa tuongee.

Kwanza nikutulize. Tafsiri yako haina kosa. Maji yanayozamisha sote tunayaita marefu, na uwanja mrefu tunauita mrefu, lugha imekupa neno moja kwa vitu viwili na wewe ukalitumia kama mtu yeyote. Hata mimi dukani pale ningesema hivyohivyo. Kosa si neno, kosa ni kile kilichofuata. Uliona mjomba ameshika njia isiyo yake, ukamwambia "sawa", tena kwa lugha mbili, kana kwamba moja haikutosha kumpoteza.

Na hiyo methali ya bibi yako uiache ipumzike. Kujikwaa ulimi ni kusema lisilofaa. Wewe hujajikwaa ulimi, umeumeza mzima mzima. Hilo halimo kwenye methali ya bibi.

Mimi mambo ya kamera siyajui, picha zangu za simu nawakata watu vichwa. Kwa hiyo nikamuuliza mtu anayepiga video majini kwa kazi. Nilipofika kwenye fundi bomba aliangua kicheko, kisha akaniuliza kama kamera bado ni nzima. Anasema hivi. Ile namba iliyoandikwa kwenye kasha ni kina, yaani umbali wa kwenda chini, na bwawa lenu hata upige mbizi mpaka vigae vya chini hulifikishi kasha la mita kumi popote pa kutisha. Kwenda mbele ogeleeni mpaka mchoke, kasha halijali. Anasema pia kasha ni kama kiatu, halichaguliwi kwa sifa, linajaribiwa mguuni. Kwa hiyo mjomba aibebe kamera hadi dukani, aitie ndani ya lile dogo, afunge, abonyeze kila kitufe akiwa palepale, na kioo kiangaliane sawasawa na lenzi. Kitufe kimoja kikigoma, mnatoka mikono mitupu. Na kasha lililotobolewa si kasha tena, ni ndoo yenye kioo.

Mkishanunua, kamera isiingie majini siku hiyo. Ufuteni ule mpira wa mviringo kwa kitambaa safi, unywele mmoja tu au chembe ya mchanga inatosha kufungulia maji mlango. Tieni karatasi laini ya chooni ndani ya kasha tupu, mfunge, mfungie jiwe, mlizamishe upande wa wakubwa mkanywe chai. Karatasi ikitoka kavu, ndipo kamera ipewe zamu. Ikitoka imelowa, mmepoteza karatasi.

Kocha naye amenikera. Kikohozi kile ni cha adabu, mwanangu, mtu anayeshinda bwawani anajua mita zake zote, za kulala na za kwenda chini. Alinyamaza asimwaibishe mjomba, wewe umenyamaza usimwaibishe mjomba, muuzaji kanyamaza kwa sababu zake, na heshima zote hizo zikijumlishwa zinakwenda kumzamishia mtu riziki yake. Usimtafute kocha. Ukipita kwake, mjomba atajua mlimsema.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Mjomba anakuuliza kila jioni kama una uhakika. Mtu mwenye uhakika haulizi kila jioni. Moyo wake unamwambia kuna kitu hakijakaa sawa, na katika nyumba nzima aliyemchagua kumuuliza ni wewe. Unaogopa atakufukuza kwenye taa kwa kusema? Mwanangu, ukinyamaza hakutakuwa na taa ya kushika, wala harusi ya kuimulika. Kuhusu kuugua siku hiyo sitaki hata kusikia, wewe si wa kuwaacha watu wazamishe chakula chenu ukiwa umejifunika shuka.

Basi usisubiri jioni akuulize. Asubuhi, anapofuta lenzi, yuko peke yake na hakuna wa kumcheka. Usimwambie alikosea, kwa sababu hakukosea, alisikia neno na akalipima alivyolijua. Kaa karibu naye ukitazama kamera, si lazima umtazame usoni, umwambie: "Mjomba, pale dukani niliposema urefu nilimaanisha kina. Lile dogo linatosha bwawa lile, twende na kamera tukalijaribu, na lile kubwa lisitobolewe."

Atauliza maswali mawili matatu, na majibu unayo. Huenda atanuna hadi mchana. Mwache anune, ukishasema wewe nyamaza. Hilo hakuna wa kukufundisha.