Mkopo Umekubaliwa, Dada, Usitie Sahihi

Flint, Michigan
Jumamosi, 20 Desemba 2008

Mpendwa Dada Verdie,

Leo ni miaka ishirini na tisa, miezi saba na siku kumi tangu niondoke nyumbani Kentucky, na sidhani kama nimewahi kukuandikia nikiwa na furaha kama hii.

Hujambo, dada yangu? Mama naye? Kikohozi kimepungua, au bado anakataa kuvaa soksi ndani ya nyumba? Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kwenye ngazi, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki asubuhi mpaka vipate joto la kikombe cha kahawa. Zaidi ya hapo sina la kulalamika.

Serikali imekubali, Dada. Kampuni yetu ya magari itakopeshwa. Haifi mwezi ujao kama tulivyokuwa tukiambiwa.

Naomba radhi kwa kutokujibu barua yako ya Novemba. Uliniambia yule mtu wa makaa ya mawe amerudi na karatasi za kununua nyumba ya Baba na kilima chake, na kwamba utamngojesha hadi mwaka mpya tu, kwa kuwa huwezi tena kumtunza Mama na mahali pale peke yako. Sikujibu kwa sababu kila kitu kilitegemea kampuni hii. Hapa mtu akitimiza miaka thelathini kazini hutoka na pensheni kamili na bima ya matibabu. Mimi natimiza tarehe 14 Mei. Kampuni ingefungwa Januari, ningekuja kwako na magoti mabovu na mikono mitupu, nikawa mgonjwa wako wa pili.

Wiki iliyopita, maseneta walipokataa ule mkopo, nilifanya jambo la kijinga. Desturi yetu, anayetimiza thelathini humwachia kiti chake anayemfuata kwa miaka ya kazi. Changu ni kiti cha lori la zamani kilichochomelewa miguu ya bomba, nami niliachiwa na mzee mmoja aliyestaafu. Nilikata tamaa nikakibeba hadi kwa Leotis. Huyu tumefunga milango ya malori pamoja miaka kumi na tisa, yeye kushoto, mimi kulia. Alikitazama kama nimemletea jeneza.

"Kiondoe hapa, Estil," akasema. "Mimi sikalii kiti cha mtu ambaye bado nakula maharage yake."

Nami kwa ukaidi nikakiacha palepale. Basi wiki nzima, kila mapumziko, wazee wawili tumesimama kama punda kwenye mvua na kiti kitupu katikati yetu. Wanda, anayefunga vioo ng'ambo ya mkanda unaosogeza malori, akatuuliza kama tunamngoja padre.

Jana ilikuwa siku yetu ya kula pamoja kabla ya Krismasi. Unajua tunavyofanya: kila mtu na sufuria yake ya umeme, zimepangwa kwenye meza ndefu kando ya mkanda tangu alfajiri, kiwanda kizima kinanukia. Mimi nilipika maharage na mfupa wa nguruwe kama ya Mama. Wanda alileta kabichi zake za kuviringisha nyama, na nyuma ya sufuria akaficha redio. Saa tatu asubuhi nikamwona anainua mikono yote miwili juu. Mkanda hausimami kwa habari ya mtu yeyote, kwa hiyo tuliendelea kufunga skrubu huku tunacheka kama vichaa. Halafu wale wa mwisho wa mkanda, ambao malori huwafikia yakiwa tayari, wakaanza kupiga honi. Lori baada ya lori. Msimamizi alijifanya anasoma karatasi zake, na karatasi ilikuwa juu chini.

Leotis akaja anakiburuta kiti, kinapiga kelele sakafuni, watu wote wanatazama.

"Kaa, mzee wa milimani," akaniambia. "Hujamaliza. Na mwaka huu maharage yako hayana chumvi."

Nilikaa, Dada. Nililia kidogo, lakini hilo usimwambie mtu.

Sikufichi, hii si sadaka na si raha. Ni deni lenye masharti, mishahara itaguswa, na mwisho wa Machi tutaulizwa tena kama tunastahili kuishi. Januari tutakaa nyumbani majuma kadhaa bila kazi. Nimemuuliza mtu wetu wa chama cha wafanyakazi mara mbili, akanihakikishia kwamba siku hizo nazo zinahesabiwa.

Mbusu Mama. Msalimie Shangazi Oma, na mkweo Denzil mwenye gari la Kijapani. Mwambie nitapanda, ila nitainama tukipita mjini, mfunga malori wa Marekani asionekane humo. Mungu awape Krismasi yenye moto wa kutosha na usingizi mzuri.

Mwambie yule mtu wa makaa arudi alikotoka na karatasi zake. Nitafunga mlango wangu wa mwisho Alhamisi tarehe 14 Mei, Ijumaa nitapakia gari, na Jumamosi tarehe 16 unitazamie kabla ya chakula cha mchana. Safari hii sirudi huku.

Mdogo wako anayekupenda,
Estil