Nimeikata Ndege ya Marehemu Mdogo Wangu

Kwanza nyinyi vijana mnaopanga gazeti hili, fungeni midomo. Nimewasikia mkisomeana barua hii mkicheka, eti mtu mzima mwenye mvi analia kwa ajili ya ndege ya plastiki. Mmeshazika ndugu wa tumbo moja, nyinyi? Mkishazika ndiyo mje mcheke. Iwekeni barua yote kama ilivyo, msipunguze hata neno. Majina nimeyabadilisha mimi mwenyewe, Bibi Walburga wenu, kama mwenye barua alivyoomba.

*

Bibi Walburga, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na kama ni kunigomba unigombe, ila usinitupe, maana hapa nilipo sina mtu wa kumweleza.

Mimi ni fundi wa mashine za kumenyea kahawa hapa Mbinga mjini, lakini kwetu ni ziwani, Kihagara, na wanaume tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Joakim, fundi wa injini za boti, ambaye tulimzika baada ya Pasaka, figo zilimshinda. Sasa Bibi, ili unielewe inabidi nianze na mama. Mama alipokuwa na mimba ya Joakim uchungu ulimkwama, siku ya pili wazee wakaanza kunong'ona, ndipo ikaja ndege ndogo ya wagonjwa ikatua kwenye majani, wakamwingiza na machela, ikaruka naye juu ya ziwa, na Joakim akazaliwa hospitali, mama akarudi naye mgongoni. Mimi nilikuwa mtoto nimeshika shati la baba, lakini ile ndege niliiona yote na mpaka leo nikifumba macho naiona: mabawa yamekaa juu ya paa lake, ncha zake zimeviringika, nyuma hakuna kioo bali bati tupu, na mlango ni mpana kwa ajili ya machela. Joakim tangu anajua kuongea alikuwa ananiuliza, kaka, ilikuwaje, mlango ulikuwa upande gani, na rangi je, nami namwambia, naye anacheka anasema, "Wewe uliiona kwa nje, mimi nilipanda bila tiketi."

Kuna ndege za vipande, Bibi, labda hujaziona. Zinatoka nje zikiwa kwenye boksi, vipande vimeshikana kwenye fremu kama samaki waliotungwa, unavikata, unavisugua, unavigandisha, unapata ndege ya kukaa kiganjani inayofanana na ile kubwa. Mimi nilipata yangu kwa padri mmoja mzee aliyerudi kwao, Joakim akaagiza ya kwake kupitia jamaa wa Dar es Salaam, zote za ndege ileile na kipimo kilekile, lakini zimetoka viwanda viwili tofauti na kila kiwanda kimekosea kwake. Yangu mwili ulikuwa sawasawa, nyuma bati tupu kama nilivyoona, ila mabawa manene kama vipande vya mkate, ncha zimekatwa mraba. Ya Joakim mabawa yalikuwa mazuri mno, membamba, ncha zimeviringika, lakini mwili mnene, ni wa ndege ya miaka ya baadaye, una kioo nyuma. Tukapatana kwamba Krismasi nitashuka Kihagara na boksi langu, tuyaweke yote mawili mezani, tukate pamoja, mabawa yake yakae kwenye mwili wangu, ndege mbili za uongo zitoe moja ya kweli, ile iliyombeba mama. Kila tulipoongea kwenye simu ni hiyo tu. Wake zetu walituchoka.

Krismasi akawa kitandani, Pasaka ikapita, tukamzika.

Baada ya matanga ndugu walikusanya vitu vyake vyote kwenye chumba kimoja, kikafungwa, na ufunguo nikakabidhiwa mimi kama kaka mkubwa, mpaka siku ukoo utakapokaa kugawa. Na kwetu, Bibi, unajua, kitu cha marehemu hakifunguliwi mpaka siku hiyo, na wa kwanza kukishika ni shangazi, kwetu ni shangazi Eliza. Lakini mvua za mwisho nilishuka kuangalia kama paa linavuja, nikafungua, nikaliona boksi juu ya viatu vyake. Nikasema naangalia tu. Nikaangalia, nikalitia kwenye begi, nikapanda nalo mpaka Mbinga.

Sikukusudia kukata, wallahi Bibi, mimi Mkatoliki lakini naapa hivyohivyo. Nililiweka mezani karibu na langu, nikashika wembe, na mkono ukaenda. Mashina ya mabawa yake yalikuwa mapana kuliko paa la mwili wangu, nikayasugua kwa msasa na maji mpaka yakaketi, pengo nikalijaza kwa supaglu na unga wa magadi, nikapanga viberiti chini ya mabawa ili yainuke kwa usawa yakikauka. Mlango nikaupanua. Kijiti cha fremu nikakiyeyusha juu ya mshumaa nikakivuta, kikawa uzi mwembamba, ndiyo antena. Na muda wote naongea naye. "Joakim, shika hapo. Usitikise." Bibi, ikatoka. Ikatoka ilivyokuwa siku ile kwenye majani, nikaiweka kiganjani nikalia kama mtoto.

Mke wangu Hedwiga, yeye kwao ni Kitura, aliniletea chai kabla sijamaliza, akasimama.

"Hayo mabawa si ya shemeji hayo?"

"Ni yangu."

"Ya kwako manene. Wewe mwenyewe ulikuwa unayatukana kila siku."

"Hedwiga, niache nifanye kazi."

"Haya. Ila angalia wembe huo, utajikata."

Hajasema tena. Juzi akanipigia mjane, Restituta, akauliza, "Shemeji, lile boksi la ndege la Joakim lipo?" Nikasema lipo. Akasema, "Siku ya kugawa lisichanganywe na mavitu mengine. Lina mwenyewe. Alimtaja kabla hajafariki." Nikajibu haya shemeji, nikakata simu.

Sasa nimefanya jambo jingine. Ule mwili wake mnene uliobaki na yale mabawa yangu manene nimeviunganisha, nimepaka rangi nyeupe, imekuwa ndege, asiyejua hatajua. Nimeiweka ndani ya boksi lake, na nimepanga kusema Joakim aliijenga mwenyewe kabla hajaugua. Kikao ni mwisho wa mwezi huu. Je, nipeleke hiyo ninyamaze, au niseme? Nikisema, watasema kaka mkubwa kaiba chumbani kwa marehemu, na yule mjane atanifungia mlango na binti yao Hildegardi sitamwona tena, na ndiye damu pekee ya mdogo wangu iliyobaki. Na ukweli mwingine, Bibi, ile nzuri siwezi kuitoa. Nikiitoa ni kama namzika mara ya pili. Naomba ufiche jina langu.

Fundi, Mbinga

*

Marahaba, mwanangu.

Umenitaka nikugombe. Nitakugomba, lakini siyo pale unapopatarajia.

Kwanza pole. Pole sana. Wawili mmebaki mmoja, na aliyeondoka ni mdogo, aliyepaswa kukuzika wewe. Mimi hizo ndege za boksi sizijui, shule yangu ilikuwa ndogo, lakini kazi ya mikono naijua. Nimeshona sare za kwaya miaka mingi, na vitenge viwili vilivyoharibika nikivikata vizuri natoa gauni moja ambalo hata Mama Paroko angeuliza bei, kama paroko angekuwa na mke. Kwa hiyo usidhani naona upuuzi. Mkono uliofiwa unatafuta kazi. Mwingine anafyeka shamba ambalo halina majani, mwingine anafua nguo safi. Wewe ulishika wembe.

Ulikosa, ndiyo. Ufunguo ule hukupewa kwa sababu unapenda ndege. Ulipewa kwa sababu ndugu waliamini kwamba hata ukipenda kitu kilichomo ndani, utakiacha mpaka shangazi akishike. Ndiyo maana ya ufunguo. Kufuli peke yake hata nyani analivunja, kinacholinda ni mtu. Hapo ulikosa na utasema umekosa. Lakini kosa hilo lina machozi ndani yake, na watu wetu siyo mawe. Mlikuwa mmepatana wawili kwamba vitakatwa. Angekuwa hai angeshika upande wa pili. Umekata bila yeye kwa sababu hakuwepo, na kwa sababu hiyohiyo ulikuwa unalia.

Sasa njoo hapa, karibu, nikushike sikio.

Hiyo ndege ya pili ni nini? Hiyo nene, yenye kioo nyuma? Mdogo wako maisha yake yote alikuwa anakuuliza mlango ulikuwa upande gani. Hakutaka iliyokaribia, alitaka ile yenyewe, iliyombeba mama yake naye akiwa tumboni. Wewe umechukua makosa yote ya viwanda vyote viwili, kila kitu mlichokikataa pamoja kwenye simu, umekigandisha, umekipaka rangi nyeupe kama kaburi, halafu unataka kusimama mbele ya ukoo useme, "Hii aliijenga Joakim." Yeye! Aliyejua kioo kile hakikuwepo! Kukata boksi la marehemu ni kukosa adabu. Kumtwika marehemu kazi mbovu ambayo hakuifanya, na hawezi kufufuka akakataa, hiyo ni nini? Ona aibu. Wewe ulikuwa macho yake, alijua ndege ile kwa kukuamini wewe tu.

Na unasema "asiyejua hatajua". Nani huyo asiyejua? Restituta? Mwanamke aliyesikiliza simu zenu za mabawa mpaka akachoka? Mtu akichoshwa na maneno ndiyo anayajua kwa moyo. Mkeo Hedwiga alijua akiwa na chai mkononi, tena kwa mabawa tu. Amekunyamazia kwa sababu anakuhurumia, usidhani umemdanganya. Mwombe radhi leo hii, kabla ya kula.

Kitu kingine kilichonikera. Mjane anakupigia anasema boksi lina mwenyewe, nawe unakata simu. Neno moja tu lilitosha: nani? Ungeuliza usingeniandikia barua ndefu hivi. Labda ni binti yake. Labda ni jirani. Labda ni wewe, mwanangu, na umejinyang'anya kitu chako mwenyewe kwa kushindwa kungoja. Mimi sijui, nawe hujui, anajua Restituta peke yake, na unamkimbia yeye.

Hiyo nzuri unasema huwezi kuitoa. Nimekuelewa. Lakini nusu yake siyo yako, na hiyo nusu ndiyo inayoifanya iwe nzuri, umesema mwenyewe. Akisema ni ya mtoto, utampa mtoto kwa mikono miwili, na uso usiununishe. Usianze kuomba mabawa yabaki wala mwili urudi. Mwambie Hildegardi ilivyotua kwenye majani na bibi yake alivyoingizwa na machela, maana hilo hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Ukimnyima hilo ndipo utakuwa umemzika baba yake mara ya pili, siyo kwa kutoa plastiki. Na akisema kaa nayo, kaa nayo, ushukuru, usijitie unyonge wa kukataakataa.

Unaogopa watakufungia mlango. Wataudhika, ndiyo. Shangazi atasema maneno makali, na utayameza, ni haki yake. Lakini mlango hufungiwa mtu aliyekutwa, siyo aliyekuja mwenyewe. Ukikaa mpaka mwisho wa mwezi na lile libandia lako ndani ya boksi, hapo hata mimi ningekufungia.

Sasa sikiliza. Jina lako nimelificha, na la mdogo wako, na majina ya wanawake wote. Lakini hebu niambie, mafundi wa mashine za kahawa wangapi Mbinga wanakata ndege kwa wembe? Gazeti hili unalisoma Jumatano. Kule ziwani linashuka na gari la Ijumaa, na Restituta akilishika atamjua mume wake kabla hajafika katikati. Nimekusudia. Ningekupa nafasi ungejadiliana na nafsi yako mpaka siku ya kikao.

Kwa hiyo Alhamisi alfajiri panda gari. Usipige simu, usitume mtu, usiseme kwanza umalizie mashine ya fulani. Chukua ndege zote mbili, nzuri na bandia, na masalia yote mpaka vumbi la msasa, na maboksi yote mawili. Mpitie shangazi kwanza, mwende naye kwa mjane pamoja. Weka vyote mezani, ufunguo juu yake kabla hawajauomba. Sema: "Nilifungua kabla ya wakati, nikakata, halafu nikatengeneza uongo huu. Nisameheni." Usiongeze kitu. Usieleze habari za gundi. Kisha muulize Restituta boksi lilikuwa la nani, na ukishauliza, funga mdomo wako umsikilize mpaka amalize.