Kiwambo Kirefu au Kifupi

Mzee Chilumba,

Tangu tukuzike kule Nandagala sijakuandikia, kwa sababu niliogopa. Leo nina jambo ambalo ningekuuliza wewe, na kesho asubuhi mkuu wa kituo chetu cha askari wa wanyamapori anataka jibu.

Tumeletewa viwambo viwili vya kuzuia sauti ya bunduki, tuvijaribu. Vijana wa Nachingwea wanaviita sailensa, kana kwamba ni vya bodaboda. Kimoja ni kirefu kama tochi ya betri tatu. Kinapunguza mlio kweli, ingawa hakiumalizi. Kingine kinaenea kiganjani, chepesi, lakini mlio wake bado unagonga masikio. Nitakachochagua mimi ndicho kitakachofungwa kwenye bunduki zetu zote.

Ungekuwepo ungenicheka. "We mtoto wa Singida, bunduki isiyolia itamtisha tembo gani?" Miaka yote ulifukuza tembo mashambani kwa risasi za hewani, masikio wazi, mpaka mkeo akawa anakuita kwa kukurushia punje za mahindi. Watu walidhani unaringa, huitikii salamu. Mimi nilijua. Ndiyo maana ulinitaka nitembee kushoto kwako, upande wa sikio zima.

Siku ile ya nyati nilikuwa kulia. Niliruka mtaro, nikatokea upande ule, nikaona uvivu kuzunguka. Nilikuita mara tatu, Mzee. Mara tatu. Hukugeuka, mpaka nyati akakufikia. Sijamwambia mtu yeyote, hata mkeo. Nisamehe.

Sasa juzi, Kilimarondo, nyati aliyejeruhiwa na mtego aliingia kwenye mihogo ya watu. Nilikuwa nimefunga kile kirefu. Nikapiga, nikakosa. Akapotelea kichakani, nasi tukamfuata. Nikasikia vijiti vikivunjika ubavuni; nilipogeuza bunduki, mtutu ukanasa kwenye matawi. Nikavuta, ukagoma. Nikajua nimekwisha, maana bunduki yenye kile kifupi ingegeuka. Hapo mwenzangu Somoe, aliyekuwa nyuma yangu, akapaza sauti: "Lala! Lala kushoto!"

Nikajitupa. Nyati akapita karibu hata pumzi yake nikaisikia, na Somoe akammaliza.

Wenzangu wote wanataka kifupi. Wanasema kirefu kitatuua vichakani, na siwezi kuwaambia wamekosea, maana nusura kiniue mimi. Lakini risasi ya kile kifupi ingeniachia mvumo masikioni, na Somoe angeniita bure.

Nitajibu kirefu. Watanuna, wanune. Kugeuza bunduki ndefu kichakani tutajifunza hata kwa mwezi mzima. Siku za tembo tutakifungua, tuzibe masikio, tupige hewani kama ulivyopiga wewe.

Pumzika, Mzee wangu. Mungu akupe usikivu huko uliko. Ijumaa baada ya swala nitakwenda Nandagala, nikae mbele ya mkeo, nimwambie nilikuwa upande gani.

Mwanafunzi wako,
Juma