Sekunde Arobaini na Moja

3 Machi

Dada, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila wifi yako ana mafua na bado hanyamazi.

Nina habari. Mwezi wa kwanza wa Mshtarii unazama kwenye kivuli cha sayari yake sekunde arobaini hivi kabla ya wakati ulioandikwa kwenye majedwali. Tangu Novemba nimepiga picha kupatwa kwake mara tisa, na mara zote tisa ni hivyo hivyo. Majedwali yamekosea, dada! Chama cha wanafalaki kimenipa nusu saa kwenye mkutano wa tarehe 20 Aprili. Walimu wenzangu wameshaanza kuniita Profesa.

Wanataka shahidi wa pili. Una ile darubini yako ndogo. Piga picha moja tu, uniandikie saa uliyoona.

Kwenye fomu ya mkutano, mahali pa mtengenezaji wa darubini yangu, nimejaza jina langu. Mstari ulikuwa mmoja, na kukueleza wewe kungekula ukurasa.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Mgongo unauma, karakana ya miwani haina kiti cha maana. Mpe wifi pole.

Kioo cha hiyo unayoiita darubini yako nilikisugua kwa mkono miezi kumi na minne. Wewe ulikibeba siku ya tatu ya msiba wa baba, ukasema unakiazima. Andika jina langu, nami nitakuwa shahidi wako.

Halafu, saa ya kamera unairekebisha kwa kutumia nini?

Dada yako

22 Machi

Dada, shikamoo. Wifi yako amepona, anakusalimu.

Jina limeshachapwa kwenye ratiba. Na kwani fundi miwani hudai kila kitabu kinachosomwa kwa miwani yake?

Saa nairekebisha kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari. Ile redio ya betri ilikufa Oktoba. Sasa nasikiliza kwenye simu, kwa mtandao, sauti safi haina mikwaruzo. Usinifundishe kazi.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu, marahaba. Huku wote wazima.

Picha nimepiga na saa nimeandika. Nitakuja nazo mwenyewe tarehe 20, nikae mbele. Vaa lile koti la kijivu, linakupendeza.

Dada yako

23 Aprili

Dada, leo shikamoo sina.

Ulingoja nimalize. Ulingoja wapige makofi. Ndipo ukasimama, ukaweka mezani redio ya betri na simu, zote idhaa moja. Mlio wa saa saba ukatoka kwenye redio, ukumbi mzima ukaungoja wa simu. Sekunde arobaini na moja! "Mwezi hauwahi," ukasema. "Saa ya mwalimu ndiyo inayochelewa." Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani afute machozi. Wanafunzi wangu walikuwepo.

Ulijua tangu lini?

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu, hujambo?

Tangu barua yako ya pili. Niliweka redio na simu kwenye meza ya karakana, nikapata jibu kwa dakika moja. Ningeweza kukuandikia siku ile ile, stempu ninazo.

Picha zako ni nzuri. Ongeza sekunde arobaini na moja kwenye kila saa uliyoandika, utakuta majedwali hayana kosa.

Chama kimenialika Julai nieleze nilivyosugua kioo, na wanataka kukiona. Jumamosi namtuma dereva. Kifunge kwa blanketi, na uso wake usiguswe hata kwa kidole.

Dada yako

9 Mei

Dada, shikamoo. Sisi wazima.

Dereva wako amerudi mikono mitupu, usimlaumu. Kioo nilishampa kinyozi wa mtaani kwetu. Mtu akikisogelea anaona pua yake kubwa kama kiazi, na wateja wanavunjika mbavu. Kwa kuwa ni kizito, alikitoboa kwa drili matundu mawili ya misumari. Povu likikirukia anakisugua kwa dodoki.

Ukitaka kuwaonyesha hao wa chama, njoo nao. Anafungua saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumatatu.

Mdogo wako