Jezi Namba Nne

Mdogo wangu Mshale,

Huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Paa la jikoni tumeliziba, halivuji tena.

Tulikusikia redioni. Mtangazaji alikuuliza nani alikufundisha kudundisha mpira kwa mkono wa kushoto, ukajibu kwamba ulijifunza mwenyewe. Mama alinitazama. Mimi nikaendelea kumenya viazi. Ile leso niliyokuwa nakufungia mkono wa kulia, ili utumie wa kushoto tu, bado iko kabatini.

Sina kinyongo. Nafasi ya ligi kuu haiji mara mbili, hata kama timu yetu ina misimu miwili tu na umetuacha kwenye mataa katikati ya wa pili. Ila siku ile kocha wa timu yako mpya alipokuja kututazama, kikapu chako cha mwisho kilitokana na pasi yangu. Hilo nalo redioni hukulitaja.

Sasa jezi yako namba nne nimepewa mimi. Mama ameipanua kidogo mbavuni, maana wewe ni mwembamba. Jumamosi tulicheza ugenini, kwa watu waliokuja kumwona Mshale na hawakujua kwamba umeshahama. Nilifunga vikapu saba. Uwanja mzima ukasimama ukiimba, "Mshale! Mshale!"

Ningeweza kuwaambia. Badala yake niliinua mkono, ule wa kushoto, nikawapungia mpaka waliponyamaza.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Kaka yako