Stika za Su-33 alizoziosha Kaka

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, mlima hauonekani kabisa, na hasira yangu haijashuka hata kidogo.

Nianze na aibu yangu, ya kwake itafuata. Leo mchana nimemfukuza kaka yangu mkubwa nyumbani kwangu hapa mjini, mtaa wa Soweto, kwenye mvua, akiwa na goti bovu.

Kaka Elibariki alishuka kutoka kijijini Mwika, huko mlimani, Jumapili, akae kwangu hadi Ijumaa, siku ya kliniki yake ya goti hapa mjini. Alikuja na ndizi za kupikia mtori, supu yetu ya ndizi, na maziwa ya ng'ombe wake. Nilimpa chumba changu, mimi nikalala sebuleni. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Hilo sijalisahau.

Mnaosoma blogu hii mnajua kwamba natengeneza meno bandia, na nikitoka kazini naunda ndege ndogo za plastiki. Kwa miezi kumi na moja nimekuwa nikiunda moja tu: Su-33, ndege ya kivita ya Kirusi inayoruka kutoka kwenye meli, ile yenye mabawa yanayokunjwa. Zilibaki stika zake tu. Nyota nyekundu, namba za ubavuni, tai wa kwenye mkia, na maandishi ya tahadhari madogo mno, huyasomi bila lenzi.

Stika hizi hazibandikwi kama za daftari. Unakata moja, unailowesha kidogo, picha inaachia karatasi, unaitelezesha kwenye bawa kwa brashi. Ukikosea, basi tena. Nilizisubiri miezi minne kutoka ng'ambo, na aliyezichapa ameshaacha kuzichapa. Jumamosi hii ndege ilikuwa iende kwenye maonyesho ya ndege ndogo kama hizi huko Arusha, mara yangu ya kwanza.

Jana tukiwa mezani Kaka aliniuliza ndege hiyo kazi yake ni nini. Nikamwambia inabeba mabomu, nikaendelea na mtori wangu. Akasukuma bakuli lake kando.

Leo saa saba nilirudi kuchukua mwavuli niliousahau asubuhi. Karatasi nzima ya stika ilikuwa ndani ya beseni la vyombo, imelowa maji, na stika zote zimeachia. Zilikuwa zimejikunja na kushikana kama maganda ya kitunguu. Nilimgusa tai kwa kidole, akapasuka.

Kaka alikuwa anakunywa chai. Nilimuuliza nani kafanya hivi. Hakuficha.

"Nimeziosha mimi," akasema. "Watu wanauawa na ndege hizo, Ndeshi, na wewe unakaa unazipamba."



Nilichofanya ni kuingia chumbani, kukusanya nguo zake na kuliweka begi lake barazani. Nikamwambia, "Kaka, nenda kwako." Aliniangalia kama hanijui, akachukua fimbo yake, akatoka. Hakuomba mwavuli, nami sikumpa.

Jioni wifi amepiga simu. Mume wake amefika amelowa chapachapa, na alilosema ni kwamba tumegombana kwa ajili ya stika. Akaniuliza ni stika gani hizo za kuvunja udugu. Nikamwambia amuulize aliyeziosha, nikakata simu.

Nimejaribu kuchora nyota moja kwa mkono. Imetoka na ncha moja nene kuliko nyingine. Nimeifuta. Arusha siendi.

Na maneno yake hayajaniacha. Miezi kumi na moja nimepaka rangi mabomu madogo, moja baada ya jingine, bila kujiuliza hata siku moja yanamwangukia nani. Huenda amesema kweli. Angeyasema jana mezani tungebishana hadi mtori upoe, na labda ndege ningeifungia kabatini mimi mwenyewe.

Hakusema. Alingoja niende kazini. Nina miaka arobaini na mmoja, na kaka yangu amenitendea kama mtoto aliyekutwa na kisu.

Hilo simsamehei. Si leo.

Ijumaa itabidi atoke Mwika alfajiri ili aiwahi kliniki, na goti lile. Najua. Akitaka apite hapa, apige hodi, aniambie usoni kwamba nimekosea. Nitamfungulia. Chai nitampa.

Chumba changu, hapana.