Bwana wa Ngozi Kwenye Mwethya Wetu

S.L.P. 41,
Nunguni.
12 Septemba, 1991

Mpendwa mdogo wangu Mutie,

Habari za Mombasa na hilo joto lenu? Mgongo umepoa, ama bado unabebeshwa magunia kama punda? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri, kwa hivyo sina wasiwasi naye. Mvua bado.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unataka nitoke kwenye kikundi cha akina mama kabla sijafungwa. Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi. Hii anakuletea Kilonzo mkononi, maana za posta siku hizi zinafika zikiwa zimeshasomwa.

Nthenya unamjua, yule mjane jirani yetu. Shemeji yake alichukua shamba lake, chifu akagonga muhuri. Nthenya akasimama barazani akasema wajane waandikwe kwenye hati za mashamba. Akalala selo siku mbili. Tangu hapo sisi wote arobaini wa kikundi tumekatazwa kukutana bila kibali, na tumepewa askari kanzu wetu wenyewe. Anasema ananunua ngozi za mbuzi. Miezi minne sasa, hajanunua hata ya sungura. Jina lake sikuandikii.

Lakini mwethya, kazi ya kusaidiana, hauombewi kibali. Watu wakienda kuchimbiana mitaro ya shamba, nani atawazuia, na serikali yenyewe inahubiri mitaro kila baraza? Basi sisi hukutana na majembe mkononi.

Mwezi jana Kavata, binti ya shangazi aliyesomea mambo ya filamu, alikuja na kamera yake. Anatengeneza filamu juu ya Nthenya na sisi wenzake. Bwana wa ngozi naye akafika, akasimama ukingoni mwa shamba, mikono mfukoni.

"Unapiga picha ya nini?"

"Mitaro," Kavata akamjibu, na hakudanganya.

Unajua mwethya wetu, hakuna kusimama mikono mitupu. Susu Ndinda, nyanya yetu sote na miaka yake sabini, akampelekea jembe. "Baba, hapa hatuna watazamaji. Chimba, ama urudi kwa ngozi zako." Wanawake walicheka mpaka aibu ikamvua koti. Alichimba hadi saa saba. Wimbo akaitikia, ule wetu wa kumcheka chifu na muhuri wake, kisha akala muthokoi wa mahindi na maharagwe sahani mbili. Hatua tatu kutoka kwake Nthenya alikuwa akisimulia kila kitu mbele ya kamera.

Jumatatu chifu, aliposikia habari za kamera, akamtuma huyo huyo aje achukue kanda. Tuliogopa, sikufichi. Kazi yote ya Nthenya ilikuwa humo. Kavata hakubishana. "Chukua, lakini itazame kwanza." Jamaa akaweka jicho kwenye kamera, akajiona: jembe juu, mdomo wazi, anamwimba chifu. Nilimhurumia kidogo.

"Mama, hii ikifika ofisini nimekwisha."

"Basi isifike," nikamwambia.

Aliandika ripoti kwamba ni kanda ya kilimo. Kanda yenyewe sasa iko Nairobi. Aliomba kitu kimoja tu, uso wake uzibwe, ana watoto wanne. Tulikubali. Hatugombani na watoto.

Kavata akatuuliza kama atuzibe sisi pia. Nthenya akasema, "Shamba langu lilichukuliwa mchana. Na mimi nitaonekana mchana." Wote tukakataa. Mimi nimeandikisha jina langu lote pamoja na la baba yetu, na ukitaka kukasirika, kasirika. Chifu akiniita nitaenda, na nitavaa nguo ya kanisani. Filamu nzima, Mutie, itakuwa na uso mmoja tu uliofichwa, nao ni wa serikali.

Nisalimie mke wako Mumbua na watoto, na Mzee Shee jirani yenu. Mungu awalinde mkilala na mkiamka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinigombeza,
Mbinya